Matabishi ya Unga

Kapata, Kolwezi, tarehe 10 Februari 1957

Shangazi Tshibola,

Pokea salamu, wewe kwanza, kisha kuku wako, kisha majirani zako wote wa stesheni ya Dilolo, hata wale msiosemezana. Sisi wa Kapata tu wazima. Mume wangu Tshimanga yuko zamu ya asubuhi mwezi huu, anarudi mchana amejaa vumbi na njaa, anakula, analala kama gogo. Muamba ameota meno mawili ya mbele, na Jumapili iliyopita alimng'ata padri kidole alipokuwa anambariki. Padri alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute kalamu. Unajua kwamba ninakwenda Foyer, ile nyumba ambayo Kampuni ya mgodi imewajengea wake za wafanyakazi ili tujifunze kushona, kupika na kuogesha watoto, kana kwamba zamani watoto wetu walikuwa wanaogeshwa na mvua. Mademoiselle, yule Mzungu anayetufundisha, ametangaza kwamba kuanzia mwezi wa tisa anahitaji msaidizi. Msaidizi wa kweli, shangazi, mwenye aproni yake na ufunguo wake wa mlango, na watu wanamwita monitrice. Naitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Usimwambie mtu.

Mtihani utakuwa mwisho wa Juni. Kila mmoja wetu ataandika chakula kimoja cha kwao kwenye karatasi, na lazima aandike kwa gramu, maana katika jiko la Foyer vitu havipimwi kwa kikombe, vinapimwa kwa mizani. Halafu karatasi yako anapewa mwenzako, aliyepatikana kwa kura, akipike hicho chakula huku wewe umekaa pembeni umefunga mdomo. Kikitoka kizuri, umefaulu. Kikitoka kibaya, huruhusiwi kusema ni mkono wa mwenzako.

Wengi wanaandika maharagwe. Mimi nataka mikate yako midogo ya sukari, ile uliyokuwa unauza kwenye madirisha ya gari la moshi nilipokuwa nakaa kwako. Nimeila utoto wangu wote na sijui inatiwa nini, kwa sababu kila ulipokuwa unakanda, mimi ulikuwa umenifukuza niende shuleni. Tafadhali niandikie vipimo. Tshimanga anacheka, anasema: “Shangazi yako atakutumia maneno mingi, mukate hakuna.” Mwonyeshe kwamba hakujui.

Nakukumbatia kwa mikono miwili.
Kabedi

*

Dilolo, tarehe 4 Machi 1957

Kabedi, mama,

Barua yako imefika, nimeifurahia, nimeisoma mara mbili. Mimi ni mzima. Kuku ni wazima isipokuwa yule jogoo mwekundu, aliyeanza kuwika saa sita za usiku, tulimla Jumapili. Henriette wa sokoni bado anauza unga, na bado akikupa matabishi, kile kidogo cha bure juu ya ulichonunua, anaugua utadhani anakatwa kidole. Mwambie huyo mjukuu wangu Muamba kwamba kidole cha padri hakiliwi kabla ya kubatizwa vizuri. Na Tshimanga mwambie namwona kutoka huku.

Mikate, basi. Mbona ni kitu rahisi. Unga wa ngano makopo matatu. Maji kopo moja. Sukari, theluthi ya kopo. Mayai mawili. Chachu kijiko kimoja, chumvi kidogo, mafuta kidogo. Unakanda mpaka mkono uchoke, unafunika, unaacha uumuke, unakata vipande, unatia kwenye moto. Gramu mimi sizijui wala hazinijui. Mimi nauza mikate kwa watu wenye njaa, na gari linasimama kidogo tu.

Usishangae kuona mwandiko mzuri hivi. Anayeandika ni Polycarpe, karani wa mizigo hapa stesheni, kijana wa heshima. Mimi nina kazi nyingi, mikono yangu iko kwenye unga tangu alfajiri. Jumanne iliyopita gari la kwenda Kolwezi lilikuja limejaa, mikate iliisha kabla sijafika behewa la tatu.

Najua unatamani kuja kuniona. Usije sasa, mvua ni nyingi.

Shangazi yako Tshibola, kwa mkono wa Polycarpe, ambaye anasalimia pia na kusema kwamba mkate ukifaulu asisahauliwe.

*

Kapata, tarehe 24 Machi 1957

Shangazi mpenzi,

Salamu tena, na kwa Polycarpe pia, ambaye mkate wake kwa sasa ungemvunja meno. Muamba amepata jino la tatu. Mama Simone, jirani yetu wa nyumba ya pili, amejifungua salama na tayari amerudi Foyer, mtoto mgongoni, anaongea kama redio.

Sikia nilichofanya. Nilichukua kopo la Tshimanga, lile kubwa analobebea chai kazini. Nikalijaza maji, nikaliweka kwenye mizani ya Foyer, nikatoa uzito wa kopo lenyewe: gramu mia tano kamili, nusu kilo. Nikafurahi. Nikajiambia, kopo moja ni nusu kilo, basi makopo matatu ya unga ni kilo moja na nusu. Nikapima unga kilo moja na nusu, bila wasiwasi, kama mtu anayejua anachofanya.

Shangazi, haukukandika. Nilipanda juu ya kiti nikausukuma kwa uzito wangu wote. Ulipotoka kwenye moto, Tshimanga aliuchukua mmoja, akaugonga kwenye meza, meza ikaitika. Akaniuliza: “Muke wangu, hii mukate njo ya kula ao njo ya kujenga?” Mpaka leo mmoja unazuia mlango usifungwe na upepo.

Mademoiselle hakunicheka, au alinicheka kwa adabu. Alileta bakuli moja, akalijaza maji, akapima. Akamwaga, akakausha, akalijaza unga, akapima. Bakuli lile lile, unga ulikuwa karibu nusu tu ya uzito wa maji. Kisha sukari, ikawa kati ya hivyo viwili. Unga una hewa katikati yake, unakaa kwa kujivuna kama mama aliyevaa vitambaa vitatu. Maji hayana nafasi ya kujivuna. Kila kitu kina uzito wake ndani ya kopo lile lile, na lazima nipime kimoja kimoja.

Sawa, hilo nimelielewa. Lakini kuna jingine. Kopo langu si kopo lako. Ningeweza kusema haidhuru, matatu kwa moja ni matatu kwa moja, kopo liwe dogo au kubwa. Ila mayai! Umesema mayai mawili, na kijiko kimoja cha chachu. Yai haliongezeki kwa sababu kopo la Tshimanga ni kubwa. Kwa hiyo nahitaji kujua kopo lako lina ukubwa gani. Naomba unitumie lenyewe, kwa shefu, yule mkuu wa gari la moshi, nilipime siku mbili tu, nilirudishe.

Na shangazi, usinikasirikie: wewe ndiye uliyenishika mkono ukanifundisha kuandika. Mbona unaandikiwa?

Kabedi wako

*

Dilolo, tarehe 23 Aprili 1957

Kabedi,

Nimechelewa kujibu, kulikuwa na Pasaka. Natumaini mlikula vizuri, na si mikate yako. Huku tulisali, mvua ikaingia kanisani, tukasali tukiwa tumesimama juu ya viti. Mado, jirani yangu, yule mke wa fundi wa reli, anakusalimia. Anakuja kila siku kunitekea maji, mwanamke mwema sana, ila hajui kunyamaza.

Kopo haliwezi kutoka. Unalijua vizuri: jeupe, ukingo wa buluu, limebanduka rangi karibu na mkono. Marehemu mjomba wako alilinunua Lobito alipokuwa anasafiri na gari mpaka baharini, akaniletea limefungwa ndani ya suruali yake. Ndilo ninalokwenda nalo sokoni, ndilo ninalofanyia kazi. Nikilituma Kolwezi, watu wa gari watakula nini? Pima kwa akili yako, si uko shuleni?

Kuhusu kuandikiwa, nimekwisha kukuambia kwamba nina kazi. Usiulize jambo moja mara mbili, uliacha tabia hiyo ulipokuwa na miaka tisa.

Tshibola, kwa mkono wa Polycarpe

*

Kapata, tarehe 6 Mei 1957

Shangazi,

Sisi ni wazima. Natumaini nawe ni mzima.

Kura imepigwa. Atakayepika karatasi yangu ni Mama Simone. Unajua maana yake? Huyu ni mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wote Kapata, akikuona barabarani anakupa nusu ya kikapu chake, lakini akiwa jikoni anasimulia habari za watu huku anatia chumvi, na akifika mwisho wa habari anatia tena. Kwake lazima niandike kila kitu kwa gramu, hata pumzi.

Nimejaribu kupima kwa akili yangu kama ulivyoagiza. Nimejaribu kopo dogo, na kopo la katikati, na bati la maziwa. Mara mayai yananuka kupita kiasi, mara sukari imepotea. Unga wa nyumbani unakwisha na Tshimanga ameanza kusema kwamba anakumbuka ugali.

Nimesema moyoni: pengine shangazi hataki mikate yake iandikwe, ili kesho kila mwanamke wa Kapata asiipike. Kama ni hivyo niambie tu. Nitaandika maharagwe kama wengine, na sitalia. Nitalia kidogo.

Kabedi

*

Dilolo, tarehe 15 Mei 1957

Kabedi, mama,

Chukua kopo. Nimempa shefu wa gari, amelifunga katika blanketi lake. Usilirudishe haraka, hakuna haraka.

Siwanyimi mikate yangu wanawake wa Kapata. Wapike mpaka Kolwezi yote inuke sukari. Ulikosea kufikiri hivyo, lakini ni kosa langu kukuacha ufikiri.

Tshibola
(Mimi Polycarpe naongeza kwa kibali changu: alilishika sana kabla ya kulitoa.)

*

Kapata, tarehe 27 Mei 1957

Shangazi mpenzi, shangazi wa dhahabu,

Kopo limefika! Lilikuwa na harufu ya tumbaku ya shefu wa gari. Nililibusu pale pale stesheni, watu wakanitazama. Muamba amelitia meno yake yote manne na sasa anadai ni lake.

Leo, Jumatatu, nimelipeleka Foyer na kupima kila kitu. Maji, gramu mia tatu na ishirini. Unga, nililijaza, nikasawazisha juu kwa mgongo wa kisu kama tunavyofundishwa, nikapata mia moja na tisini. Mara tatu, mia tano na sabini. Theluthi ya sukari, mia moja kasoro kidogo. Nilirudia mara kadhaa, namba hazibadiliki. Niliandika karatasi nzuri sana, ya mistari iliyonyooka. Nikapika.

Mikate ilitambaa. Niliiweka duara, nikageuka kuongeza kuni, kurudi nikaikuta imeshikana yote imekuwa mkate mmoja, mpana, bapa, kama kitu kilichokaliwa. Utamu ni wenyewe, shangazi! Nilifumba macho nikajiona nimesimama kwako Dilolo na daftari zangu. Lakini mwili si wenyewe. Unga haukutosha, na makopo ni matatu na kopo ni lako. Sielewi.

Nikawa naosha kopo hapo uani, nikiwaza, na ghafla nikakaa chini. Kopo liko kwangu. Jana ilikuwa Jumapili, kesho ni Jumanne, gari litasimama Dilolo. Uliniandikia mwenyewe: nikilituma Kolwezi, watu wa gari watakula nini? Basi wanakula nini, shangazi? Umesema lisirudi haraka. Umesema nisije kwa sababu ya mvua, na sasa ni kiangazi, anga ni jeupe na hujasema njoo. Na Mado anakutekea maji, wewe uliyekuwa unabeba ndoo kichwani na nyingine mkononi.

Sijali tena mtihani. Uniambie una nini. Usipomwambia Polycarpe aandike ukweli, nitamwomba Tshimanga aniombee karatasi ya ruhusa, nipande gari na mtoto, nije nikusimamie mlangoni mpaka useme.

Kabedi

*

Dilolo, tarehe 9 Juni 1957

Kabedi.

Ni mimi. Hakuna Polycarpe. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinatembea kama kuku, uzivumilie.

Mwezi wa kwanza niliamka asubuhi na mkono wangu wa kuume haukuamka. Mguu nao ulijaribu kulala, ukaona aibu, ukarudi. Mkono bado. Nilikaa hospitali siku chache, wakanipa dawa na maneno mazuri. Nakula, nasali, nagombana na Mado, ni mzima. Ila kukanda siwezi. Ile mikate ya Jumanne niliyokuandikia ilikuwa ya mwaka jana.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Ungeacha Foyer yako, ungekuja kunikandia unga, na Tshimanga angekula ugali mkavu. Na tena nilipenda kusoma barua za mtu anayeniomba mikate. Huku wote wananiomba nipumzike. Nilikuwa na huzuni, mwanangu, sasa nimesema, imetosha.

Tuje kwenye unga wako. Kisu! Nani aliyekuambia ukate unga kichwa? Nilisoma hapo nikacheka peke yangu mpaka Mado akaja. Lakini nikakaa nikafikiri, nikaona hata mimi sikukuambia vizuri, kwa sababu sikuwahi kufikiri. Nyumbani sijawahi kupima unga. Naupima sokoni. Naenda kwa Henriette na kopo langu, ananipimia matatu, na mimi nabaki nimesimama. Simwambii kitu, namwangalia tu. Anaugua, anachota konzi moja, anatupia juu: matabishi. Nafika nyumbani namwaga yote kwenye beseni. Mtu akiniuliza umenunua kiasi gani, nasema matatu. Nani anahesabu matabishi? Matabishi si kipimo, ni adabu. Lakini unga wako unakosa hayo.

Sasa konzi ni la Henriette, si langu wala lako. Jana nilikwenda kwake mikono mitupu. Nikamwambia: “Henriette, leo sinunue unga. Unipe matabishi tu.” Akasema: “Mama Tshibola, matabishi ya nini na haujanunua kitu?” Nikamwambia achote tu kama anavyochota siku zote, asiongeze kwa huruma, asipunguze kwa uchoyo. Alichota. Kisha akaniona mkono, maana hajaniona sokoni tangu Noeli, akaanza kulia, ikabidi mimi niwanyamazishe watu. Alitaka kuniongezea konzi la pili. Nilikataa kwa nguvu, lingeharibu hesabu.

Mado amelishonea mfuko mdogo wa kitambaa. Limo humo. Lipime.

Nimechoka. Mkono huu haujazoea.

Tshibola mwenyewe

*

Kapata, tarehe 2 Julai 1957

Shangazi yangu,

Nililia siku mbili. Tshimanga alishika mtoto, akapika mwenyewe, tukala alichopika, na hiyo nayo ilikuwa sababu ya kulia. Ameomba ruhusa yake ya mwaka: tutakuja sote mwezi wa nane, na usitafute mvua kwa sababu haipo. Sina hasira nawe. Ninayo kidogo, nitaileta mwenyewe.

Mfuko ulifika umevuja kidogo tu kwenye pindo. Niliupima Foyer mbele ya Mademoiselle, nikatoa kitambaa: gramu themanini na saba. Nikaweka tisini, kwa ajili ya zilizobaki kwenye blanketi la shefu wa gari. Mia tano na sabini na tisini ni mia sita na sitini. Jioni ile nilipika. Mikate ilisimama, shangazi! Duara, imejaa, kila mmoja peke yake, inang'aa mgongoni. Tshimanga alikula minne, kisha ule wa kuzuia mlango akauchukua akautupa nje.

Sasa mtihani. Usiku wa kabla, nilikuwa nanakili karatasi yangu safi, nikamkumbuka Mama Simone na moyo wake mkubwa. Nikaogopa. Yule akipima kitu kwenye mizani, mkono wake hautaridhika, atachota kidogo aongezee, si kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa na ndivyo tulivyolelewa wote. Basi chini ya namba zote nikaandika kwa herufi kubwa: “Matabishi yamo ndani. Usiongeze.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipima unga mia sita na sitini, sindano ikatulia, na huku anasimulia habari za harusi ya binamu yake, mkono ukaingia ndani ya mfuko wa unga wenyewe bila kutumwa. Nilikuwa nimekaa pembeni, mdomo nimeufunga, kucha zimeingia kwenye magoti. Mkono ulikuwa juu ya beseni, umejaa. Akatupa jicho kwenye karatasi. Akasoma. Akasema kwa sauti kubwa: “Aaa! Kumbe banatujua!” Akaurudisha unga kwenye mfuko. Wanawake wote walipiga kelele za kicheko, na Mademoiselle akabaki anauliza, matabishi ni nini, yamo wapi, mbona hayaonekani kwenye mizani. Ikabidi tumweleze sote kwa pamoja. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuambia kwamba hata mama yake huko kwao hutia kitu cha mwisho kwa mkono, na hajawahi kukiandikia mtu, na ndiyo maana yeye hajaweza kukipika.

Mikate ya Mama Simone ilitoka mizuri. Yako, kabisa. Mwezi wa tisa naanza kazi. Nina aproni. Ufunguo nimeuvaa shingoni tangu jana, ingawa mlango si wangu bado. Tshimanga aliweka sahihi yake kwenye karatasi ya kunikubalia, na sasa anawaambia watu kazini kwamba wazo lilikuwa lake.

Ndani ya barua hii nimekuwekea nakala ya karatasi, mwandiko mkubwa. Mpe Mado. Polycarpe ana mizani ndogo ya vifurushi hapo ofisini, mwombe. Mado hahitaji kujua kukanda kama wewe, anahitaji kusoma tu, na wewe ukae umtazame. Kopo nitalileta mwenyewe mwezi wa nane, Muamba akikubali.

Kabedi, monitrice (karibu)

*

Dilolo, tarehe 24 Julai 1957

Kabedi, mwalimu wangu,

Naandika polepole, lakini ona, herufi zimeacha kukimbia.

Nilifurahi kwa habari ya kazi yako mpaka nikawasomea watu wa stesheni, hata wale tusiosemezana. Henriette anasema konzi lake ndilo lililokufaulisha na anataka jina lake liandikwe Foyer.

Karatasi nilimpa Mado. Aliiogopa. Alisema: “Mama, mi sijue hizi bitu ya gramu.” Nikamwambia hata mimi, twende tukaogope pamoja. Polycarpe alitupimia juu ya mizani ya vifurushi, kwa makini kama anapima posta ya gavana. Unga ulipofika mia sita na sitini, Mado mkono ukaenda. Nikampiga kidogo kwa mkono wa kushoto, nikamwonyesha mstari wa chini. Tulicheka wote watatu.

Nilikaa kwenye kiti. Sikugusa kitu. Ilikuwa vigumu sana kutogusa, sitakudanganya. Alikanda vibaya, alikata vipande visivyolingana, mmoja mkubwa mmoja mtoto, na nilimwambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini iliumuka. Ilipoiva, harufu ilitoka nje ikaenda mpaka kwenye reli, na mzee anayefungulia magari njia akaja kuuliza kama nimepona.

Jumanne gari lilikuja. Mado alibeba beseni kichwani, nikakaa kwenye benchi ya stesheni kama abiria. Walimwita kwenye madirisha kama walivyokuwa wananiita mimi. Alirudi na beseni karibu tupu.

Sijui kama unajua, mwanangu: tangu nianze kuuza mikate hiyo, sijawahi kuila ya moto. Siku zote ilikuwa ya watu, mimi nilikula iliyovunjika, jioni, imepoa, nimesimama. Nikamwomba Mado anipe mmoja. Akanipa, nikala nikiwa nimekaa. Ni mitamu. Kumbe ndiyo maana walikuwa wananing'ang'ania mkono gari likianza kuondoka. Nililia hapo benchini mbele ya abiria wa kwenda Kasaji, na sikuona haya.

Nilipomaliza, Mado alinitilia mwingine mkononi, mkono wangu wa kuume, ule uliolala, akaufunga vidole juu yake. Nikamwuliza huu wa nini, nimeomba mmoja.

Akasema: “Ile njo matabishi, mama.”

Njooni mwezi wa nane.

Tshibola